Taa Tatu na Redio Havitoshi

Kuna hoja inayozunguka kwenye makongamano ya nishati, kwenye vipindi vya redio na kwenye hotuba za wafadhili, na imezunguka muda mrefu hadi siku hizi hakuna anayeihoji. Inasema hivi: Afrika haikusubiri simu za waya, ilizivuka ikatua moja kwa moja kwenye simu za mkononi, basi na kwenye umeme itafanya vivyo hivyo. Nguzo, nyaya na transfoma ni mambo ya karne iliyopita. Mwanakijiji awekewe paneli juu ya bati, betri pembeni ya kabati, taa tatu na mahali pa kuchajia simu, alipe kidogo kidogo kwa simu hiyohiyo, na habari ya gridi ya Taifa iishie hapo. Jua letu ni la bure, wanaongeza, na halileti bili mwisho wa mwezi.

Naipinga hoja hii tangu mwanzo wake hadi mwisho. Siipingi kwa kulidharau jua. Naamini watoto wanaozaliwa leo Shinyanga na Garissa watakuja kutumia umeme mwingi wa jua kuliko sisi tunavyoweza kukisia. Kinachoniudhi ni kuona nguvu kubwa namna hiyo ikigeuzwa kisingizio cha kumpa maskini kidogo, kisha kumwandika kwenye daftari kwamba ameshapata.

Tuanze na simu, maana ndiyo mhimili wa hoja nzima. Si kweli kwamba simu ya mkononi iliuruka waya. Iliruka kile kipande cha mwisho tu, kutoka barabarani hadi mezani kwa mteja. Nyuma ya kila mnara kuna mtandao mkubwa wa pamoja, na mtandao huo umejaa waya. Intaneti yetu ilianza kushuka bei baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuzinduliwa Julai 2009 ukifika Dar es Salaam na Mombasa, na ule wa EASSy kufuata mwaka 2010. Serikali na makampuni yakachimba mitaro maelfu ya kilomita kuufikisha mkongo bara. Hakuna mteja aliyeuziwa mnara wake binafsi auweke juu ya paa. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu ambayo tangu ianze Kenya mwaka 2007 imekuwa ndiyo kielelezo cha "kuruka hatua", ingekuwa bure kabisa kama kila simu ingekuwa kisiwa chake. Kwa hiyo simu, tukiisoma vizuri, inatufundisha kinyume cha wanachodai: watu maskini walifaidika walipounganishwa kwenye chombo kimoja kikubwa ambacho gharama zake ziligawanywa kwa mamilioni.

Tena, simu hubeba habari, na habari hubanika. Kila mwaka mafundi wanapitisha maneno na picha nyingi zaidi kwenye njia ileile. Joto halibaniki. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi joto 20 kunataka takriban wati-saa 93, iwe Tanga au Oslo, iwe leo au mwaka 2100. Paneli ya wati 8, ikipigwa na jua zuri kwa saa tano, inavuna wati-saa 40. Birika moja la chai ya familia ni mavuno ya siku mbili na zaidi, hapo taa zote zimezimwa na redio imenyamaza. Mtu anayesema teknolojia itaendelea kupunguza hesabu hiyo ajue kwamba anashindana na maji, si na wahandisi.

Nimetaja wati 8 kwa makusudi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha seti zilizoipa sifa kubwa kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza Kenya mwaka 2012. Mteja alitoa malipo ya awali ya takriban shilingi 3,000 za Kenya, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mzima, akishindwa kulipa seti inajizima kwa mbali. Fanya hesabu. Malipo yote yanapita shilingi 20,000. Paneli ile inatoa kama uniti 15 kwa mwaka, uniti moja ikiwa wati-saa 1,000. Betri ikidumu miaka minne, ni uniti 60. Hata ukitoa thamani ya redio, tochi na balbu zilizokuja na seti, bado kila uniti imemgharimu mkulima wa Siaya mara kumi na zaidi ya ile anayolipa mtu wa Nairobi mwenye mita ukutani. Sisemi kampuni ilimwibia mtu. Mteja alikuwa akinunua mafuta ya taa kila jioni, akivuta moshi wake, na watoto wakisomea kwenye kibatari. Taa ya sola ilikuwa nafuu ya kweli kwake, na aliyeipata hataki kurudi nyuma. Ninachosema ni kwamba nafuu dhidi ya kibatari si kigezo cha kujengea nchi.

Hapo ndipo neno "bure" linapopoteza maana. Jua ni la bure kama maji ya Rufiji yalivyo ya bure na upepo wa Marsabit ulivyo wa bure. Gharama iko kwenye kuikamata nguvu, kuihifadhi na kuisafirisha. Swali la haki ni nani abebe gharama hiyo. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, bei ya uniti ni shilingi 100 za Tanzania kabla ya kodi na tozo. Na kijijini ada ya kuunganishwa imewekwa shilingi 27,000, ambayo haifikii hata bei ya nguzo moja. Tofauti inalipwa na wengine: viwanda, watumiaji wakubwa, bajeti ya serikali. Hivyo ndivyo gridi inavyofanya kazi, na ni jambo zuri. Sasa mwanakijiji anayeambiwa sola inamtosha ametolewa nje ya mfuko huo. Anatakiwa awe yeye mwekezaji, yeye fundi, yeye mnunuzi wa betri mpya ile ya zamani ikifa. Mwenye nyumba Masaki hakuwahi kuambiwa anunue kituo chake cha kuzalisha umeme ndipo apate kupiga pasi.

Wakubwa wa dunia wameipa hali hii vyeo na madaraja. Kwenye kipimo cha Benki ya Dunia, daraja la kwanza la kuwa na umeme linaanzia wati 3 na wati-saa 12 kwa siku: taa na kuchaji simu. Mmarekani wa wastani hutumia zaidi ya uniti 30 kwa siku, yaani wati-saa 30,000, ukijumlisha viwanda na ofisi za nchi yake. Januari 2025 marais walikutana Dar es Salaam kuzindua ahadi za kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Lengo ni jema. Lakini ukiwa na kipimo kinachoanzia wati-saa 12, milioni 300 ni idadi unayoweza kuifikia bila mashine hata moja ya kusaga kuzunguka.

Na mashine ya kusaga ndiyo ninayoitaka mimi. Kijiji kinapopata umeme wa kweli, kitu cha kwanza kinachobadilika si balbu. Ni yule mama anayeacha kutembea na debe la mahindi hadi kijiji cha pili. Mota ya kinu inataka kilowati 10 na kuendelea. Fundi wa kuchomelea mageti, mwenye mashine ya kukamua alizeti, muuza barafu kwenye mwalo wa samaki, wote wanataka nguvu ambayo seti ya nyumbani haiwezi hata kuikaribia. Halafu kuna jiko. Tanzania imejiwekea mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa nusu uniti au pungufu, kama shilingi 60 kwa bei ya mteja mdogo wa TANESCO pamoja na kodi. Hakuna gunia la mkaa linaloweza kushindana na hapo. Ila jiko hilo linavuta kama wati 1,000 likianza kazi, na paneli ya taa tatu haiwezi hata kuliamsha.

Watetezi wa sola hujibu kwamba seti za nyumbani ni hatua tu, na baadaye zitakuja gridi ndogo za kijiji zenye paneli nyingi na betri kubwa. Sawa, tuziangalie. Kwenye Kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kampuni binafsi ilijenga mitambo ya namna hiyo katikati ya muongo uliopita. Umeme ulikuwepo, na ulikuwa mzuri. Bei ya uniti ilipita shilingi 1,000, wakati ng'ambo ya maji mteja wa TANESCO alilipa 100. Wananchi walilalamika, na mwaka 2020 serikali ikaagiza bei ishushwe. Wawekezaji wakasema kwa bei hiyo hawarudishi hata gharama ya betri, na wana haki ya kusema hivyo. Wananchi nao walikuwa na haki. Pande zote mbili zilikuwa sahihi, na hiyo ndiyo dalili kwamba mpangilio wenyewe ndio uliokosea: kisiwa cha wavuvi kiliachiwa kilipie peke yake mtambo mzima.

Hata hivyo sitaki nieleweke kama mmoja wa wale wanaokaa ofisini na kucheka kila wakisikia neno sola. Wapo wengi, hasa wahandisi wa kizazi cha mabwawa na gesi. Kwao sola ni kitu cha kuchajia simu. Hao nao wamelala. Bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, na betri za lithiamu nazo zimeshuka kwa kiwango kama hicho. Ujerumani, nchi ya mawingu, imefunga zaidi ya megawati 100,000 za sola. Na Ujerumani ina tatizo ambalo sisi hatuna: jua lake la Desemba ni kivuli cha lile la Juni, na hakuna betri ya bei ya kawaida inayoweza kuhifadhi umeme wa kiangazi mpaka majira ya baridi. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata saa 12 za mchana mwaka mzima. Tunachohitaji kuhifadhi ni cha kuvuka jioni moja, si cha kuvuka miezi.

Jioni hiyo, lakini, ndiyo yenyewe. Jua linazama kama saa 12:30, na matumizi yetu yanapanda kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani, wanapika, wanatazama taarifa ya habari. Sola inatoa umeme mwingi saa 6 mchana na inatoa sifuri pale tunapoihitaji kuliko wakati wowote. (Na jua kali nalo si sifa tupu: paneli hupoteza nguvu kadiri inavyopata joto, na juu ya bati la Dodoma saa nane mchana hupungukiwa na sehemu ya kumi au zaidi ya kile kilichoandikwa nyuma yake.) Ukiwa na nyumba moja, jibu ni betri, na betri ndiyo inayokula pesa. Ukiwa na gridi, una jibu jingine.

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa maji unaweza kupunguzwa mchana na kuongezwa usiku bila shida. Kila megawati ya jua inayoingia kwenye gridi saa 6 mchana ni maji yanayobaki nyuma ya ukuta yakisubiri saa 2 usiku. Na misimu inasaidiana. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulikuja baada ya kiangazi, mabwawa yakiwa yamepungua. Kiangazi hichohicho ndicho msimu ambao anga ni safi na paneli zinafanya kazi yake vizuri. Masika mawingu yanapunguza jua, na mito imejaa. Ni nadra nchi kupewa vitu viwili vinavyofaana namna hii. Tunayo betri kubwa ambayo tumekwisha kuijenga kwa fedha zetu, halafu tunamwambia mtu wa Kishapu anunue ya kwake dukani!

Kishapu nimeitaja kwa sababu huko ndiko TANESCO inakojenga kituo cha jua cha megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Kenya ilitangulia: kituo cha Garissa cha megawati 50 kilizinduliwa Desemba 2019. Vituo vya namna hii havina mvuto kwenye picha. Hakuna mtoto anayetabasamu ameshika taa. Lakini kila uniti inayotoka hapo ni rahisi kuliko ile ya paneli ya bati, kwa kuwa fundi mmoja anahudumia maelfu ya paneli na hakuna betri inayokufa kwenye kila nyumba.

Tatizo letu la kweli ni waya, na kila aliyefuatilia anajua. Huko Kenya, mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye jumla ya megawati 310, ilikamilika mapema mwaka 2017 ikakaa inatazamana na ziwa, kwa sababu laini ya kilomita 428 hadi Suswa haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Serikali ikalipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Kwetu, Machi 2024 mitambo ya maji ilizimwa katika vituo vitano kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji, miezi michache tu baada ya mgao. Na mwaka uliofuata Rais akatangaza kwamba mikoa ya kaskazini italetewa umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu kuusafirisha wa kwetu kutoka kusini kunapoteza mwingi njiani. Watu walikasirika sana kwa tangazo lile. Mimi nililiona ni somo la bei nafuu. Nchi inaweza kuwa na umeme wa kumwaga na Moshi ikawa na upungufu. Hakuna paneli inayotibu hilo ikiwa imekaa juu ya nyumba ya mtu mmoja.

Kuna hatari nyingine ambayo wahubiri wa "kila mtu na jua lake" hawaisemi, nayo inatoka juu, kwa wenye nazo. Afrika Kusini ilikatikiwa umeme karibu kila siku mwaka 2023, na wenye uwezo wakakimbilia sola. Katikati ya mwaka huo paa za nchi ile zilikuwa na zaidi ya megawati 4,000. Siwalaumu. Lakini mteja mzuri anapoondoka, nguzo na nyaya zinabaki na gharama zilezile, na waliobaki ndio wanaozilipia. Pakistani imeingia kwenye mtego huohuo kwa kasi kubwa zaidi. Hoteli na viwanda vyetu vikianza kujitoa kimyakimya, ile shilingi 100 kwa uniti ya mama wa kijijini itakosa wa kuichangia. Uhuru wa sola kwa tajiri unaweza kuwa bili kwa maskini.

Na tusisahau mabaki. Betri nyingi za bei rahisi bado ni za risasi na asidi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi kilitia sumu damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigana miaka mingi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri hizo hazikuwa za sola peke yake, lakini risasi haiulizi ilitoka kwenye gari au kwenye taa. Tunapogawa betri ndogo milioni moja kwenye vijiji visivyo na mpango wa kuzikusanya, tunapanda kitu.

Pako mahali ambapo paneli ya peke yake inastahili, na hapo naiunga mkono bila masharti. Pampu ya kisima, kwa mfano, hiyo ni kazi ya jua hasa: inasukuma maji mchana, tangi linayahifadhi, huhitaji betri hata moja. Friji ya chanjo kwenye zahanati ya mbali. Boma la mfugaji anayehama. Kisiwa chenye kaya 40. Kwa hao, kusubiri nguzo ni kusubiri bure. Lakini Tanzania ina vijiji 12,318, na karibu vyote vimekwisha kufikiwa na laini kubwa. Waliobaki gizani wengi wanaishi vitongoji ambavyo vinaiona nguzo kwa macho. Mtu huyo hayuko mbali na gridi. Amebakiza nguzo chache na uamuzi wa bajeti. Kumuuzia taa kwa mkopo wa mwaka mzima wakati waya unapita juu ya shamba lake ni kumnyima haki yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge na wizara, Dodoma na Nairobi pia, ni moja. Takwimu za waliofikiwa na umeme ziache kuhesabu kaya zenye taa. Zihesabu uniti ambazo kila kaya inaweza kuzipata kwa siku, kwa bei gani, na kama zinapatikana saa 2 usiku. Fedha za wafadhili zinazotengwa kwa seti za taa zipelekwe kwanza kwenye nyaya za vitongoji na kwenye vituo vya jua vinavyoingia kwenye gridi, na seti zibaki kwa wale ambao nguzo haitawafikia. Na wewe msomaji, ukisikia kiongozi anatangaza kwamba kijiji fulani sasa kina umeme wa jua, muulize kama kinu cha hapo kinazunguka.